Farasi 600 kwa torki ipi, na kwa dakika ngapi?

Mhariri,

Kurasa za magari hupenda kutaja injini fulani na kumalizia kwa sentensi moja: "hii, bila kufunguliwa, inabeba farasi 600," yaani nguvu-farasi 600. Msomaji anaishika hiyo namba na kwenda nayo gereji. Ombi letu ni kwamba namba ya namna hiyo isichapwe ikiwa peke yake. Iambatane na torki (nguvu ya kuzungusha) na mizunguko ya dakika iliyopatikana, petroli iliyotumika, kama ilipimwa kwenye magurudumu au kwenye kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni (farasi 300 magurudumuni ni kama 350 kwenye kranki), na injini ilikaa kwenye nguvu hiyo kwa muda gani. Sekunde kumi na mbili za mbio fupi si sawa na dakika kumi za kupanda mlima gari likiwa limejaa.

Torki ndiyo hupinda konrodi, fito inayounganisha pistoni na kranki. Hesabu ni nyepesi: zidisha Newton-mita kwa mizunguko ya dakika, gawanya kwa 9,549, unapata kilowati. Injini ya silinda nne yenye turbo ndogo ikitoa Nm 400 kwenye mizunguko 2,500, hiyo ni kilowati 105, yaani farasi 140. Ifunge turbo kubwa inayochelewa kujaa, itoe Nm 300 kwenye mizunguko 6,500, unapata kilowati 204, farasi 274 hivi. Kwenye karatasi, hii ya pili ndiyo inayotisha. Ndani ya silinda mambo ni kinyume, kwa sababu konrodi inakandamizwa na shinikizo la gesi, na shinikizo hilo linafuatana na torki. Injini inayovumilia farasi 274 kule juu inaweza kupinda konrodi kwa farasi 140 kule chini. Ndiyo maana fundi anayejua kazi yake hubana presha ya turbo chini ya mizunguko 3,500, akaiachia baadaye. Mteja atalalamika kwamba gari halivuti mapema. Alalamike.

Kule juu nako kuna balaa lake. Pistoni inapomaliza kusukuma moshi hakuna gesi ya kuisimamisha, kwa hiyo konrodi na bolti zake ndizo zinazoivuta irudi chini. Mvuto huo hukua kwa kipeo cha pili cha mizunguko: kusogeza kikomo kutoka 6,500 hadi 7,500 huongeza mzigo kwa asilimia 33, hata kama nguvu haikuongezeka. Bolti ikikatika hapo, bloku inafunguliwa dirisha.

Mfano unaotajwa kila mara ni injini ya 2JZ-GTE iliyokuja na Toyota Supra ya 1993. Ni kweli watu huvuka farasi 600 bila kubadilisha vya ndani. Lakini ina lita 3.0, silinda sita za kugawana mzigo, bloku ya chuma cha kusubu, kranki ya kufua yenye beringi kuu saba na vinyunyizio vya oili chini ya pistoni. Kuichukua hadithi yake na kuivisha 1NZ-FE, injini ndogo ya Toyota ya lita 1.5 isiyo na turbo, yenye bloku ya alumini, uwiano wa kompresheni wa 10.5 kwa 1 na konrodi nyembamba zilizokusudiwa farasi 109 hivi, ni kumwonea aliyeiunda.

Hata hivyo injini nyingi za kuongezwa nguvu huuawa na nokingi kabla chuma hakijafika mwisho wake. Hapa lugha ya gereji inatuponza: tunasema injini "imenoki" ikiwa imekwisha kufa, tukasahau kwamba nokingi yenyewe ni petroli iliyobaki kujilipukia kabla moto wa plagi haujaifikia. Pistoni za kusubu zenye silikoni nyingi hazitanuki sana na hazichakai haraka, ila ni kavu, hupasuka upesi. Zikipigwa hivyo, ukuta mwembamba wa pistoni kati ya ringi na ringi hukatika. Utaona oili ikitapika kwenye bomba la kupumulia, na kipimo cha kompresheni cha silinda tatu kikisoma baa 12 wakati cha ile ya nne kinasoma 7. Kabla ya kufika huko, chomoa plagi uitazame kwa lenzi. Ukikuta vitone vidogo vinavyong'aa kwenye kaure nyeupe, hiyo ni alumini ya pistoni. Zima, punguza presha, rudisha taiming (wakati wa plagi kuwasha) nyuma.

Ringi nazo zina kosa lake ambalo halisemwi sana. Pengo la kiwandani kati ya ncha mbili za ringi lilipimwa kwa joto la kiwandani. Ukiongeza joto, ncha hugusana, ringi hukosa pa kutanukia na kuuvunja ukuta uleule, na lawama zinakwenda kwa pistoni. Kwa silinda ya milimita 86 yenye turbo, pengo la ringi ya juu liwe karibu milimita 0.45 hadi 0.5. Hilo halifanyiki bila kufungua injini, na hapo maneno "bila kufunguliwa" yanafikia ukomo wake.

Kwa asiyetaka kufungua: pima kompresheni kwanza, tofauti kati ya silinda isizidi asilimia 10. Kwa farasi 300 wa turbo kwenye silinda nne zinahitajika nozeli za petroli za cc 590 hivi kwa dakika, ili zisifunguke zaidi ya asilimia 80 ya muda. Chini ya presha, hewa kwa mafuta iwe 11.5 hadi 12 kwa 1, isomwe kwa sensa ya oksijeni ya masafa mapana, kwa sababu ile ya kawaida haioni huko. Plagi ziwe baridi kwa hatua moja (zinazotoa joto haraka zaidi), pengo lishuke kutoka milimita 1.1 hadi 0.7. Kwa maoni yetu injini iliyozaliwa na turbo isipandishwe zaidi ya asilimia 20 kwa kompyuta peke yake, na isiyozaliwa nayo, ikifungwa turbo, iishie presha ya baa 0.4 ikiwa na intakula (kipoza hewa ya turbo).

Injini ndogo za kisasa za turbo zinazonyunyiza petroli moja kwa moja silindani zinataka oili ya daraja la API SP, lililoanza 2020, kwa sababu hulipuka mapema zikikanyagwa mpaka mwisho kwenye mizunguko 1,500. Shusha gia kwanza ndipo ukanyage. Na klachi ikianza kuteleza baada ya kuongeza nguvu, usikimbilie kufunga klachi ngumu zaidi kabla ya kusoma torki: huenda ndiyo inayozilinda konrodi.

Mafundi wa injini za petroli