Fimbo Mbili Zisizochakaa Kwenye Begi Lako

Mteja akituletea begi zima la gofu tumbadilishie mishiko, hatuna haja ya kumuuliza anachezaje. Mishiko inasema yenyewe. Ule wa weji, fimbo ya mapigo mafupi, umelainika hadi unang'aa, ule wa namba 7 umebonyea pale kinapokaa kidole gumba, lakini ya aironi (fimbo za kichwa cha chuma) namba 3 na namba 4 bado imekakamaa kama siku ilipotoka dukani. Miaka sita hiyo. Kedi, yule mbeba begi, amezibeba fimbo hizo kuanzia shimo la kwanza hadi la kumi na nane, kila wikendi, kama abiria wasiolipa nauli. Fimbo inayoweza kuchukua nafasi yao ni haibridi.

Hatumlaumu mchezaji. Aironi ndefu, yaani za namba ndogo, ni fimbo ngumu kwa mtu anayeshinda ofisini Jumatatu hadi Ijumaa. Uso wake umelala nyuzi 20 hadi 24 tu, kichwa ni chembamba, na ili mpira upande juu unahitaji kasi ambayo wengi wetu hatuna, au tuliwahi kuwa nayo. Basi mpira unatambaa, au ukibahatika kufika kwenye grini, ile nyasi fupi yenye shimo, unapitiliza hadi nyuma.

Haibridi ni chotara wa aironi na fimbo ya mbao. Kichwa kinafuata umbo la fimbo za mbao (ambazo siku hizi hazina hata kibanzi cha mbao), na shafti, ule mpini, inakaribia urefu wa aironi, kwa hiyo ni rahisi kuitawala. Siri iko kwenye uzito: umesukumwa chini na nyuma, mbali na uso. Ukiwa chini, mpira hupaa bila kulazimishwa. Ukiwa nyuma, kichwa hakizunguki sana mpira unapogusa pembeni ya uso, na kwa mchezaji wa kawaida mpira hugusa pembeni mara nyingi kuliko anavyopenda kukiri.

Halafu kuna soli pana, yaani sehemu ya chini ya kichwa, na hapa ndipo nyasi zetu zinapoingia. Viwanja vingi vya nyanda za juu, Nairobi na majirani zake, vina nyasi ya kikuyu. Ni nyasi ya huku kwetu iliyosafiri hadi uwanja wa Riviera, Los Angeles, ambako wachezaji wa kulipwa huilalamikia kila mwaka. Mashina yake hutambaa na kusukana kama mkeka. Aironi nyembamba ikipita humo, nyasi huishika shingo, uso unajifunga, na mpira wa anayecheza kwa mkono wa kulia unakimbilia kushoto. Soli ya haibridi huteleza juu ya mkeka huo badala ya kuuchimba. Ila tusidanganyane: mpira ukizama kwenye rafu, zile nyasi ndefu za kando, hadi huuoni ukiwa umesimama juu yake, chukua weji urudi kwenye feawei, njia ya nyasi fupi ya katikati. Hakuna fimbo tunayouza itakayokuokoa hapo.

Anayedhani hizi ni fimbo za wazee na wanaoanza, akumbuke uwanja wa Hazeltine, Minnesota, Marekani, mwaka 2009. Y.E. Yang wa Korea Kusini alifika shimo la mwisho la PGA Championship, moja ya mashindano makubwa manne ya gofu, akimzidi Tiger Woods kwa pigo moja. Akiwa na zaidi ya yadi 200 mbele yake, alichomoa haibridi namba 3 na kuuweka mpira karibu na shimo. Akaibuka bingwa kwa tofauti ya mapigo matatu. Kabla ya hapo Woods hakuwahi kupoteza taji kubwa akiwa anaongoza baada ya raundi tatu.

Sasa, makosa. La kwanza nililifanya mwenyewe. Nilipopata haibridi yangu ya kwanza niliipiga kama fimbo ya mbao, nikiufagia mpira kutoka mbali, na kwa mwezi mzima nikawa naupiga kichwani. Haibridi hupigwa kama aironi: mpira mbele kidogo ya katikati ya miguu, na fimbo iugonge mpira ikiwa bado inashuka.

La pili ndilo linalotuletea watu wengi. Mtu ananunua haibridi namba 4 mtandaoni kwa kuwa anataka kuondoa aironi namba 4. Namba hizo hazifanani. Aironi za kisasa zimekazwa sana, yaani uso umesimama zaidi na mpira huenda mbali; namba 7 ya zamani ilikuwa na nyuzi kama 34, za leo zipo zenye 29. Juu ya hapo, haibridi ina shafti ndefu kidogo na mpira wake huenda mbali zaidi. Matokeo ni fimbo mbili za umbali uleule, na chini yake pengo la yadi 25 lisilo na fimbo. Kanuni inaruhusu fimbo 14 tu kwenye begi, hivyo kila inayoingia lazima iwe na kazi yake.

Ndiyo maana sisi hatuangalii namba. Tunapima nyuzi za aironi yako ndefu unayoipiga vizuri, unapiga mipira kumi, tunaandika umbali, kisha tunatafuta haibridi itakayokaa yadi 10 hadi 15 juu yake. Tunakuuliza pia unacheza wapi. Hewa ya Nairobi ni nyepesi na mpira unakwenda mbali. Haibridi inayokufikisha grini huku inaweza kukuacha njiani ukishuka Nyali, Mombasa, usawa wa bahari.

Matumizi mengine tunayowaonyesha wateja ni kando ya grini. Ishike chini kidogo, piga kwa mwendo uleule wa kusukumia mpira shimoni, nao utaruka nyasi za ukingoni na kubingirika. Todd Hamilton alifanya hivyo kwenye shimo la mwisho kati ya yale ya ziada ya kuamua mshindi pale uwanja wa Royal Troon, Scotland, mwaka 2004, akamshinda Ernie Els na kutwaa The Open, mashindano mengine makubwa.

Si kila mtu anaihitaji. Mwenye kasi kubwa ambaye mipira yake tayari inapinda kushoto, haibridi nyingi zitamzidishia. Wiki iliyopita tulimrudisha nyumbani mzee mmoja bila kumuuzia chochote. Kwenye begi lake, mshiko uliochakaa kuliko yote ulikuwa wa aironi namba 4.