Tuliotolewa mtoto wa jicho tupimwe tena

Ndugu Mhariri,

Mimi ni karani mstaafu wa chama cha msingi cha ushirika wilayani Masasi. Msimu wa korosho ukifika bado huitwa ghalani kusimamia mizani. Mwaka juzi nilitolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia, kwenye kambi ya macho. Asubuhi bandeji ilipofunguliwa niliona maua ya kitenge cha mke wangu, nikalia mbele za watu. Waliofanya kazi ile nawaombea hadi leo.

Lakini nilirudi nyumbani na dawa ya matone na neno moja tu: umepona. Msimu ulipoanza, nikiwa hatua nne kutoka kwenye mizani ya kidijitali, 3 na 8 sikuweza kuzitofautisha. Taa za pikipiki usiku zilikuwa na mikia. Mama mmoja nilimwandikia kilo 73 badala ya 78. Alirudi na stakabadhi mkononi, akaniuliza kwa upole, "Babu, mbona umenipunja?" Nilirekebisha mbele ya katibu, ila usiku ule sikulala. Jirani akasema jicho likishaguswa na kisu huisha polepole. Nilimwamini mwaka mzima, na la kushoto, ambalo nalo lina ukungu, nikakataa lisiguswe.

Mpima macho mjini Mtwara ndiye aliyenifumbua. Lenzi ya kupandikizwa, inayowekwa badala ya ile yenye ukungu, ina nguvu moja, hailegei wala kukaza kama tuliyozaliwa nayo. Kwa hiyo kabla ya upasuaji hupimwa urefu wa jicho na mviringo wa kioo chake cha mbele. Urefu ukikosewa kwa milimita 1 tu, namba ya miwani huenda pembeni kwa karibu 3. Kidonda nacho kikifunga huweza kuvuta kile kioo kikapinda. Ndiyo ile mikia ya taa. Alichungulia pia nyuma ya lenzi, maana utando wa pale ukiingia ukungu husafishwa kwa leza. Wangu ulikuwa safi. Namba yangu ilikuwa kutoa 1.75, yaani karibu naona, mbali sioni vizuri, na mpindo kidogo. Ndiyo maana stakabadhi niliiandika vizuri bila miwani, huku mizani siioni! Zipo njia za leza na za kubadilisha lenzi, ila kwangu miwani ilitosha.

Naomba waandaaji wa kambi wamwandikie kila mgonjwa tarehe ya kurudi baada ya wiki 4 hadi 6, jicho likishatulia, na mpima macho awepo siku hiyo akiwa na miwani. Mwaka 2021 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kuwa upasuaji huu upimwe kwa mgonjwa kuona vizuri, si kwa idadi ya waliopasuliwa tu. Huku vijijini bado tunatangaziwa idadi.

Jicho langu la kushoto litapasuliwa kabla ya msimu ujao. Nimeomba lipimwe urefu kwanza, na tarehe ya kurudi nimeiandika kwa chaki mlangoni.

Karani mstaafu,
Masasi, Mtwara