Barua kwa Mrisho kuhusu Injini Mbili za Spacio

Ujiji, Kigoma

Rafiki yangu mpendwa Mrisho,

Assalaam alaykum. Nimepokea barua yako na nimefurahi kusikia kwamba wewe, shemeji na watoto mko salama hapo Isevya, Tabora. Sisi huku hatujambo. Umeniuliza uchukue ipi kati ya zile gari mbili za Toyota Spacio ulizoonyeshwa, ya cc 1,500 au ya cc 1,800, na kwa kuwa fedha utakayotoa ni akiba ya familia, nimeona nikujibu kwa kirefu badala ya kukupigia simu.

Spacio ya umbo hilo ilitengenezwa Japani kuanzia 2001 hadi 2007 ikiwa na injini mbili za petroli, na mtu akisimama nje ya gari hawezi kuzitofautisha kwa urahisi. Kwa hiyo, kabla hujazungumza bei, mwombe muuzaji afungue boneti usome kibati cha chesisi. Ukikuta NZE121, gari lilitoka kiwandani na injini ya 1NZ-FE. Ukikuta ZZE122, au ZZE124 kwa lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, lilitoka na 1ZZ-FE. Baada ya hapo uhakikishe kwa namba iliyochongwa kwenye bloku yenyewe, maana magari mengi ya umri huo yamekwisha kufungwa injini nyingine ya mtumba.

Injini ya 1NZ-FE ina ujazo wa cc 1,497: kipenyo cha silinda ni milimita 75.0, mwendo wa pistoni ni milimita 84.7, na uwiano wa mgandamizo ni 10.5 kwa 1. Inatoa nguvu ya farasi wapatao 109. Ni injini ile ile iliyomo katika Probox, Raum na IST nyingi, na kwa sababu hiyo hutahangaika kutafuta vipuri wala fundi anayeifahamu. Ile ya 1ZZ-FE ina cc 1,794, kipenyo milimita 79.0, mwendo milimita 91.5, mgandamizo 10.0 kwa 1, na nguvu inayozidi farasi 120. Zote mbili zina silinda nne, valvu 16, kamshafti mbili juu ya hedi, na mnyororo wa taimingi badala ya mkanda. Bloku zake ni za aluminiamu zenye silivu (mikono ya silinda) nyembamba za chuma ndani yake, jambo ambalo ninakuomba ulikumbuke, kwa kuwa bloku ya namna hiyo haina nyama ya kutosha ya kuchongwa mara kwa mara kama zilivyochongwa bloku za chuma za zamani. Ndiyo sababu injini hizi zikichoka, wengi huagiza nyingine ya mtumba kutoka Dar es Salaam kuliko kufanya ovaholi, na injini ya mtumba nayo hujui ilitunzwaje.

Sasa nije kwenye jambo linaloniogopesha zaidi kwa niaba yako, nalo ni kula oili. Katika kila pistoni kuna ringi ya chini ambayo kazi yake ni kukwangua oili kwenye ukuta wa silinda na kuirudisha chini, na oili hiyo hupita katika matundu madogo yaliyotobolewa ndani ya mfereji wa ringi. Pistoni za 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo zilitobolewa matundu machache na membamba. Oili ikicheleweshwa kubadilishwa huungua na kuacha masizi magumu, masizi huziba matundu, kisha ringi hunasa katika mfereji wake na kuacha kucheza. Kuanzia hapo oili hubaki ukutani na kuungua pamoja na petroli, gari hutoa moshi wa bluu, na plagi hulowa. Toyota wenyewe walikuja kubadilisha pistoni hizo katika injini zilizotoka baadaye, lakini magari yanayozunguka kwetu ni mchanganyiko wa zote, na muuzaji wa Tabora hawezi kukuthibitishia lako ni la pistoni zipi. 1NZ-FE nayo hula oili ikizeeka au ikitelekezwa, ila kasoro hiyo ya kuzaliwa haikuipata kwa kiwango cha mwenzake.

Hatari yenyewe haiko kwenye gharama ya kuongeza nusu lita kila baada ya muda. Injini hizi hubeba oili kidogo, lita 3.7 tu ukibadilisha pamoja na filta, na taa nyekundu ya oili huwaka pale shinikizo linapokuwa limekwisha kuanguka, si pale kiasi kinapopungua. Dereva anayetoka Tabora kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza hadi huku bila kuchomoa kijiti cha kupimia anaweza kufika na injini iliyokwisha kula beringi za krenki huku dashibodi ikiwa kimya karibu safari nzima. Zaidi ya hayo, mfumo wa VVT-i, ambao hubadilisha muda wa kufunguka kwa valvu za kuingiza hewa, unaendeshwa na oili hiyo hiyo ikipita katika njia nyembamba na chujio dogo. Mnyororo wa taimingi pia hulainishwa na kukazwa kwa oili. Watu husema mnyororo haubadilishwi, na ni kweli kwamba haukupangiwa kilomita maalumu kama mkanda, lakini oili ikiwa chafu au pungufu hurefuka, ukaanza kukwaruza kwa sekunde chache unapowasha gari asubuhi.

Kwa sababu hizo, ninakuomba uende kuliona gari alfajiri, na umwambie muuzaji wazi kwamba asiliwashe kabla hujafika. Gusa injini kwa mkono. Ikiwa na joto, ahirisha siku nyingine. Chomoa kijiti uone kiasi na rangi ya oili, kisha liwashe huku umesimama karibu na boneti na mtu mwingine yuko nyuma kwenye eksozi. Baada ya injini kupata moto, tafuta mteremko, uachie pedali ya mafuta gari lishuke likiwa kwenye gia ya chini, halafu kanyaga ghafla. Moshi wa bluu unaotoka kwa mkupuo mmoja na kukatika huashiria sili za valvu, ambazo fundi mzuri anaweza kuzibadilisha bila kushusha injini. Moshi unaoendelea kadiri unavyokanyaga huashiria ringi, na hapo ninakushauri umshukuru muuzaji na kuondoka, hata kama bei itashuka sana. Mwisho fungua plagi zote nne: iliyo kavu yenye rangi ya udongo ni nzuri, iliyolowa na kupakwa weusi wa mafuta imekwisha kukupa jibu.

Jambo la pili ni joto. Mafundi wengi wa kwetu, gari likichemsha mara moja, hung'oa themostati, kile kivalvu kinachozuia maji ya rejeta hadi injini ipate moto, na kuitupa wakiamini kwamba nchi yenye jua haiihitaji. Jambo hili hunisikitisha kila ninapoliona. Bila themostati injini hukaa baridi kwa muda mrefu, kompyuta ya gari huendelea kuongeza petroli kana kwamba ni asubuhi, matumizi hupanda, na silinda huchakaa haraka. Chanzo cha kuchemsha, ambacho mara nyingi ni rejeta iliyoziba kwa kutiwa maji ya kisima, mfuniko wake uliolegea, au wota pampu inayovuja, huachwa pale pale. Siku kitakapojitokeza tena, hedi ya aluminiamu hupinda na gasketi huungua. Kwa hiyo uliza kama themostati ipo, na uangalie kama ndani ya rejeta kuna kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) au maji yenye kutu.

Mengine si ya kukunyima usingizi. Injini ikimisi, hamisha koili ya silinda inayomisi uiweke kwenye silinda nyingine. Tatizo likihama nayo, nunua koili moja tu na usikubali kuuziwa nne. Ikitetema ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, tazama mauntini za injini na usafishe throto. Kwenye 1ZZ-FE pia angalia kikaza mnyororo kilichofungwa kwa nje upande wa hedi, kwa kuwa sili yake hupenda kuvuja na kulowesha bloku; ni kazi ndogo na ya bei nafuu.

Ukitaka neno langu, chukua ile ya cc 1,500 kama imepita vipimo vya asubuhi. Ninajua ya 1,800 huvuta vizuri zaidi mnapokuwa watu saba na mizigo, lakini wewe siku nyingi utakuwa kati ya nyumbani, shule na sokoni, mwendo mfupi ambao injini haipati hata moto kamili, na mwendo wa namna hiyo ndio unaoharakisha masizi kwenye ringi. Yoyote utakayonunua, mwaga oili siku hiyo hiyo, weka 5W-30 ya duka unaloliamini pamoja na filta mpya, na baada ya hapo usivuke kilomita 5,000 kabla ya kuibadilisha tena. Usikubali oili nzito anayokuwekea mtu ili kuficha moshi.

Nitumie namba za chesisi na picha za plagi mara utakapozifungua. Kama ukiamua kulileta gari huku kabla ya kulipa fedha yote, nitalikagua mwenyewe hapa nyumbani.

Msalimie sana shemeji na watoto.

Ndimi rafiki yako,
Yahaya