Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni: Darwish tumtafsiri kutoka Kiarabu, tusipitie Kiingereza

Mh. Waziri, shikamoo. Pole na majukumu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari hapa Tanga, nafundisha ushairi, na kilichonifanya nikuandikie hadharani ni neno moja tu, ubeti.

Wanafunzi wangu wanazijua beti, wanajua vina na mizani, lakini siku nilipowaambia neno lenyewe limetoka kwenye bayt ya Kiarabu, na kwamba kwa Waarabu bayt ni nyumba na hapo hapo ni mstari wa shairi, darasa zima lilitulia. Ndo nikawasimulia habari za Mahmoud Darwish, mshairi wa Kipalestina aliyepoteza nyumba akiwa na miaka 7 akahamia kwenye beti.

Alizaliwa 1941 kijiji cha al-Birwa, Galilaya, karibu na Akka. 1948 jeshi la Israel likaja, familia ikakimbilia Lebanon, na waliporudi kwa kujificha kama mwaka hivi baadae wakakuta kijiji kimebomolewa. Na kwa kuwa hawakuwepo wakati watu wanahesabiwa, sheria za dola mpya zikawaita "waliopo wasiokuwepo", yani wewe upo, unapumua, unalima, ila kwenye karatasi haupo na shamba lako lina mwenyewe mwingine. Kiarabu chake ni hadhir na ghaib. Mheshimiwa, hayo maneno mzee yoyote wa pwani anayajua, kuhudhuria na ghaibu, tunayo mdomoni miaka yote.

Shairi lake la kitambulisho, la mwaka 1964, linaongea na karani wa serikali. Mtu kasimama mbele ya meza ya ofisi anamwambia karani aandike: mimi ni Mwarabu, namba yangu hii, watoto wanane na wa tisa anakuja baada ya kiangazi. Kila aliyewahi kusimama dirishani akiulizwa babu yako kazaliwa wapi analielewa bila kufundishwa. Kwa mashairi yake, na kwa kutoka sehemu moja kwenda nyingine bila kibali, alifungwa mara kadhaa, alafu akazuiwa kutoka nyumbani usiku.

1970 akaenda kusoma Moscow, akapitiliza Cairo, Beirut, baadae Tunis na Paris, na Israel ikamfungia mlango. Zaidi ya miaka 20.

Sasa hapa naomba nikae kidogo, manake ndo ninapompenda zaidi. Kwenye kitabu chake cha kumbukumbu, ni Agosti 1982, Beirut imezingirwa na jeshi la Israel, ndege zinapiga toka alfajiri, na Darwish yupo ndani ya nyumba yake anataka kitu kimoja tu, kahawa. Jiko lina kioo kikubwa kinachotazama baharini, bomu likija hapo humalizi. Anaomba dakika tano za kusimamisha vita, afike jikoni, achemshe maji, atie kahawa kijiko kwa kijiko, akoroge taratibu asiiache ikapanda ikamwagika. Kurasa na kurasa, kahawa tu. Mheshimiwa, sisi watu wa birika na kashata, tunaokaa barazani mpaka usiku na kikombe kisicho na mkono, kweli kitabu hiki tukisome kwa Kiingereza?

Na naomba usihofie kwamba ni siasa. Mwaka 2000 waziri wa elimu wa Israel yenyewe, Yossi Sarid, alitaka baadhi ya mashairi ya Darwish yaingie mashuleni kwao, ikazuka vurumai bungeni, na Waziri Mkuu Ehud Barak akasema jamii yao bado haijawa tayari. Sisi hatuna sababu hiyo. Palestina ina ubalozi Dar es Salaam, waandishi wa Afrika na Asia walimpa Darwish tuzo ya Lotus tangu 1969, na Mwalimu Nyerere akiwa Ikulu na kazi zote zile alikaa akatafsiri Shakespeare mara mbili.

Ombi langu: wizara yako ilipie watu wawili wakae pamoja, mmoja anayekijua Kiarabu vizuri na mmoja malenga, watoe kitabu kimoja chembamba, ukurasa huu Kiarabu ukurasa ule Kiswahili, kopi zifike shule za serikali. Wapo wa kuifanya hiyo kazi, Unguja, Pemba, Lamu, Mombasa, na mimi naweza kuwataja. Asipewe mtu atakayefungua tafsiri ya Kiingereza pembeni, kwa sababu hapo bayt itakuwa "nyumba" basi na ile nyingine itapotea.

Alifariki 9 Agosti 2008 Houston, Marekani, baada ya upasuaji wa moyo, akazikwa Ramallah. Hata maiti yake haikurudi Galilaya.

Darasani tumeshaanza na lile shairi la mama, aliloandika akiwa jela, la mkate wa mama na kahawa ya mama. Tulikwama neno la kwanza kabisa, ahinnu. "Nina hamu" wakalikataa, wakasema hiyo ni hamu ya chipsi. "Natamani" likaonekana jepesi. Wiki nzima. Mwisho binti mmoja wa mstari wa nyuma, hata huwa haongei, akasema "moyo unanienda kwenye mkate wa mama". Tumeliandika hivyo, rasimu ninayo hapa, ukiihitaji nakuletea mwenyewe Dodoma.