Inhela ya bluu peke yake haitibu pumu

Mhariri,

Wateja wengi wenye pumu wanaofika kwenye duka letu la dawa huulizia inhela moja tu, ile ya bluu yenye salbutamoli. Kifua kikibana wanapuliza, kinafunguka, maisha yanaendelea. Nafuu hiyo ndiyo inayowaponza. Salbutamoli hulegeza misuli inayobana mirija ya hewa kwa saa 4 hadi 6, basi. Uvimbe ulio ndani ya kuta za mirija haiugusi.

Uvimbe huo unachochewa na ujumbe unaopita kati ya seli na seli. Utando wa mirija ukiguswa na vumbi, moshi au virusi vya mafua, hutoa kemikali za tahadhari, mojawapo intaleukini-33. Seli za kinga zikizipokea hutoa za kwao. Intaleukini-5 huita eosinofili, chembe nyeupe za damu ambazo sumu yake huchubua utando, na kuzirefushia maisha. Intaleukini-13 huongeza makohozi mazito. Utando uliochubuka nao hupiga tahadhari upya, hata siku ambazo mgonjwa anajiona mzima.

Kinachokata mawasiliano hayo ni steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni au budesonidi. Huingia hadi kwenye kiini cha seli na kuzima jeni zinazotengeneza kemikali hizo. Huhitaji siku kadhaa, pengine wiki, na wengi huiacha kabla haijafanya kazi. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa matibabu ya pumu, GINA, haupendekezi tena watu wazima na vijana watibiwe kwa salbutamoli peke yake. Anayemaliza inhela 3 au zaidi za bluu kwa mwaka, kila moja ikiwa na mipulizo 200, yumo hatarini kupata shambulio kali.

Hata dawa sahihi hupotea ikivutwa vibaya. Tikisa, toa pumzi, bana midomo, bonyeza mara moja huku ukivuta taratibu, kisha zuia pumzi sekunde 10. Ukibonyeza kabla ya kuvuta, dawa huishia kooni. Baada ya steroidi sukutua na uteme maji, la sivyo fangasi huota mdomoni.

Kwa mtoto, chupa ya plastiki ya mililita 500 inatosha. Toboa kitako kwa waya wa moto, tundu liwe na umbo la mdomo wa inhela na liibane barabara. Mtoto aweke midomo kwenye shingo ya chupa na kupumua mara 5 kwa kila mpulizo. Ioshe kwa maji ya sabuni, iache ichuruzike. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki hupata umeme tuli na dawa hunasa ukutani.

Tahadhari moja: mvuta sigara wa miaka mingi, au mama aliyepikia kuni tangu utotoni, akikohoa na kuhema, huenda si pumu bali ugonjwa sugu wa kuziba kwa mapafu (COPD). Hapo mara nyingi nyutrofili, chembe nyeupe za damu za aina nyingine, ndizo zinazotawala, na moshi hudhoofisha kimeng'enya HDAC2 ambacho steroidi hukitegemea ili kuzima jeni. Huyo apimwe kwanza kwa spirometa, kifaa cha kupima nguvu ya pumzi.

Tunawaomba wenzetu wa maduka ya dawa: mteja akirudi kununua ya bluu kabla ya miezi minne, muulizeni iko wapi ya steroidi.

Wafamasia wawili,
Tanga