Kware si mifupa mitupu, makosa yako jikoni

Mhariri,

Naandika kumjibu yule msomaji mwenzangu uliyemchapishia barua wiki iliyopita, aliyesema alinunua kware wanne akawachemsha karibu saa nzima kama anavyochemsha kuku wa kienyeji, akatoka na supu na mifupa na watoto wakalala na njaa, halafu akamalizia kwa kusema hawa ndege ni wa kupoteza pesa heri mtu anunue broila. Ile barua iliniuma kwelikweli. Mimi nawafuga na nawala, nimeanza mwaka 2013 na sijaacha, na namwambia kwa heshima zote kwamba kware hakuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa ile saa nzima.

Wengi wetu Kenya tulimjua kware kwa ile homa ya mwaka 2013 kuingia 2014. Si mnakumbuka, kila mtu alikuwa anatafuta mayai ya kware, mara yanatibu sukari, mara presha, mara pumu, watu wanapanga foleni KWS, lile shirika la wanyamapori, kuchukua leseni maana sheria wakati ule ilimhesabu kuwa ni ndege wa pori, mashine za kuangulia zinanunuliwa kwa mkopo. Mimi mwenyewe niliuza yai moja shilingi 60, miezi michache baadaye yai lilelile nalitembeza kwa shilingi 5 na mtu hataki. Watu wakafungua vizimba wakawaachilia, wengine wakawagawa bure kwa majirani. Lakini angalieni kitu kimoja, katika zile kelele zote ni nani aliyetufundisha kumpika? Aliuzwa kama dawa, dawa ikakosa kazi, naye akatupwa pamoja na dawa. Nyama yake haikupewa nafasi.

Mimi nimezaliwa upande wa Busia na kwetu huyu ndege anaitwa isindu, majirani zetu Wajaluo wanamwita aluru, na kuliwa ameliwa tangu zamani kabla ya leseni yoyote. Wazee walikuwa wanamweka dume ndani ya kitundu cha kusukwa, wanakiinua juu ya mti mrefu, alfajiri anaita na wenzake wanashuka kwenye mitego iliyotegwa chini majanini. Nyanya yangu aliwapika wale wa pori ambao ni wadogo hata kuliko hawa wa kufugwa tulionao leo ambao mbegu yao imetoka Japani. Na sikumbuki hata siku moja tuliamka kwenye chakula chake tukilalamika ati hakuna nyama. Kwa hiyo mtu akiniambia kware ni mifupa namuuliza kwanza, ulimfanyaje?

Sasa nieleze vizuri maana hapa ndipo penye maneno. Kware wa kufugwa anafaa kuchinjwa akiwa na wiki 6 mpaka 7, anakuwa na gramu 150 mpaka 200 akiwa hai, ukimtoa manyoya na matumbo unabaki na kitu kama gramu 120 hivi, kidogo zaidi ama kidogo pungufu. Kwa hiyo mtu mzima anakula wawili, mtoto mmoja. Ukinunua wanne kwa familia ya watu sita hujawahesabu vizuri kabla hata hujawasha moto. Nyama ya kifuani ina mafuta kidogo sana, mafuta mengi aliyonayo yako chini ya ngozi. Na hapo ndipo tunapoharibu, karibu kila mtu ninayemuona anamchuna. Anaona manyoya ni madogo na yanachosha, basi anaipasua ngozi kifuani na kuivua yote kama anavua shati, dakika moja kware yuko mtupu. Halafu anamweka motoni, anakauka, anasema hafai.

Ngozi isitoke. Chukua maji ya moto lakini yasiwe yanatokota, yawe yale ambayo ukichovya ncha ya kidole unaitoa haraka, mshike miguu umzamishe ukihesabu pole pole mpaka kumi, umtoe. Ukitumia maji yanayochemka ngozi yake ni nyembamba sana, inapasuka mikononi mwako kama karatasi iliyolowa. Anza na manyoya ya mgongo halafu mapaja, kifua kiwe mwisho na ukifanyie taratibu kwa dole gumba na si kwa kucha. Wa kwanza atakuchukua dakika kumi, wa tano utamaliza kwa dakika tatu. Halafu chukua makasi ya jikoni, kata pande zote mbili za uti wa mgongo kutoka shingoni mpaka mkiani, uutoe (usiutupe, unafaa kwa supu), umfungue kama kitabu na umkandamize kifuani kwa kiganja mpaka usikie kale kamfupa kanalia ka! Sasa amelala bapa na ataiva sawasawa kila upande.

Na kabla ya viungo vyovyote mimi namlaza kwenye maji ya chumvi. Lita moja ya maji, vijiko viwili vya chakula vya chumvi, saa moja tu kwenye friji, unamtoa unamkausha kwa kitambaa safi. Hii ndiyo inamzuia asikauke na sijaona kitu kingine kinachoifanya kazi hiyo vizuri hivyo. Usimwache usiku kucha maana ni mdogo, atakuwa chumvi tupu.

Kumbanika ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote. Thomu iliyopondwa, tangawizi, pilipili manga, ndimu, mafuta kidogo, basi, hana haja ya vitu kumi na tano. Akae na viungo nusu saa. Makaa yawe yameshika majivu meupe juu, usimweke kwenye ndimi za moto. Upande wa mifupa uanze kuangalia chini, dakika 5 au 6, ngozi ikianza kung'aa juu unamgeuza, dakika 4 upande wa ngozi, unamrudisha kidogo ukiona bado. Kwa jumla haifiki robo saa, nazungumzia dakika 12! Utajua ameiva ukilishika paja ukalizungusha likazunguka bila kubisha, na ukichoma kwa ncha ya kisu pale paja linapokutana na kiwiliwili maji yanatoka meupe, si ya waridi. Wenye kile kipimajoto cha nyama wasome nyuzi 74, hiyo inatosha kwa ndege yeyote. Mtoe, mwache apumzike dakika chache kwenye sahani, ndiyo umle, na umle kwa mikono.

Kumpaka tui la nazi nilifundishwa na bi mkubwa mmoja jirani yangu hapa Kisauni, na nitaeleza kama alivyonieleza. Alikuja akakuta nimembanika vizuri akaniambia, "Mwanangu, hapo umefika nusu ya njia." Akaniagiza nazi moja kubwa akaikuna mwenyewe. Tui zito la kwanza, kama kikombe kimoja na nusu, akaliweka kwenye sufuria na thomu, tangawizi, pilipili mbichi mbili, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai na chumvi, akawa anakoroga kwa upande mmoja bila kuacha lisikatike mpaka likawa zito linashika mgongo wa mwiko. Ndimu aliitia mwisho kabisa wakati sufuria imeshashuka. Kware tukawarudisha juu ya makaa wakiwa bado hawajamaliza kuiva, anawapaka kwa kijiko, tui linakauka linaanza kushika rangi ya kahawia pembeni, anapaka tena, mara tatu, na lililobaki akawamwagia kwenye sahani. Ile harufu ya tui likidondokea makaa ilileta watoto wa mtaa wote mlangoni na kila mmoja alipata kipande. Tulikula na mkate wa mofa. Kuku wa kupaka tunamjua sote, lakini kwa kuku lile tui linabaki nje, kwa kware kwa sababu ni mdogo linaingia mpaka kwenye mfupa.

Pilau pia anakaa vizuri, ila hapa kuna jambo moja la kuzingatia. Ukimpika kware kama nyama ya ng'ombe, yaani umuweke mwanzo na vitunguu halafu maji halafu mchele, mchele ukiiva yeye ameshasambaratika na unaanza kutoa vijifupa kwenye meno. Mkaange mzima kwenye mafuta mpaka ngozi iwe ya dhahabu, dakika 5 tu, mtoe umweke kando. Kwenye mafuta hayohayo endelea na vitunguu vyako mpaka viwe vyeusi vyeusi, jira, iliki, mdalasini, karafuu, thomu na tangawizi, maji yawe yale ya supu ya migongo niliyosema usiitupe, mchele. Maji yakikaribia kukauka ndiyo unawapanga kware juu ya mchele kifua kikiangalia juu, unafunika, unapalia makaa juu ya kifuniko na chini unapunguza. Dakika 15 mpaka 20 wanamalizia kuiva kwa mvuke na mafuta yao yanashuka kwenye wali. Kilo moja ya mchele mimi naweka kware wanane. Siku ya Idi mwaka uliopita tulipika hivyo kwa wageni na sinia lilirudi jeupe.

Kukaanga ni rahisi na watoto wanapenda, unga wa mchele kidogo uliotiwa chumvi na pilipili, mafuta ya kuzama yawe ya moto kweli, dakika 5 au 6, usijaze karai mafuta yakapoa. Wenye ovena moto uwe mkali, nyuzi 220, dakika 15 mpaka 20, tena wapake mafuta au siagi kwanza. Moto mdogo wa muda mrefu unamuua mara ya pili.

Lakini yule bwana wa barua pengine alikuwa na jambo jingine ambalo hakuambiwa, na hili nawalaumu wauzaji. Majike yakizeeka kwenye mayai, kwenye mwaka mmoja hivi, wafugaji wengi wanayauza kama nyama bila kusema umri. Huyo kweli ni mgumu, hata ukimbanika dakika 12 utatafuna mpira. Ukimpata wa hivyo (utamtambua kwa mfupa wa kifua, ncha yake haipindi ukiibonyeza kwa kidole, ya kijana inapinda) usihangaike na makaa. Huyo ndiyo wa mchuzi, mkaange kidogo, vitunguu, nyanya, ukwaju kijiko kimoja, maji ya kumfunika, moto mdogo dakika 45 mpaka saa moja na sufuria imefunikwa, mwisho kabisa tui jepesi. Anakuwa laini na mchuzi unashika utamu ambao broila hawezi kukupa hata umpike siku mbili. Mimi nimeshawahi kuuziwa wazee kumi nikaambiwa ni wa wiki 7, nikawapikia wageni kwa makaa, aibu niliyoiona siku hiyo naikumbuka mpaka leo. Tangu hapo sinunui kabla sijabonyeza kifua, na nawaomba wasomaji mfanye hivyohivyo, muuzaji akinuna mwache anune.

Mhariri, gazeti lako limeandika sana kuhusu kware, nimeyahifadhi yale makala, lakini yote ni ya mayai, dawa na biashara iliyoanguka. Kuna watu bado wanafuga, nawajua hapa Kisauni, na Kilifi, na kule kwetu Busia, wanaangua kwa siku 17 au 18 na baada ya wiki saba wana nyama, tena kwenye kizimba kinachoenea kwenye baraza ya nyumba ya kupanga, mahali ambapo kuku hata watano hawatoshi. Kwa familia ya mjini isiyo na shamba hilo si jambo dogo. Wanachokosa ni mnunuzi anayejua kumpika. Naomba kwenye ile kurasa ya mapishi ya Jumamosi mmuweke, hata mara moja, na picha ya namna ya kumpasua mgongo kwa makasi kwa sababu hilo ni gumu kulielewa kwa maneno. Na kama nafasi ni ndogo mkalazimika kukata maneno yangu kateni mengine yote, lakini la ngozi liacheni.

Na kwa yule bwana wa barua, kama bado uko Mombasa, mimi kila Jumamosi jioni nabanika nje ya nyumba, mhariri anayo namba yangu akuunganishe. Njoo na watoto. Nitawahesabu wawili wawili kwa kila mtu.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa