Barua kwa mdogo wangu anayekuja na STI kutoka Dar

Mdogo wangu,

Salaam sana. Huku Mbeya hatujambo, baridi tu ndiyo imeanza kung'ata. Picha za gari tumeziona: Subaru WRX STI ya 2008, milango mitano, gia sita za mkono, na vumbi la bandarini bado liko kwenye kioo. Hongera. Swali lako lilikuwa moja, kwamba ile valvu ya kupuliza "pshiii" inauzwa bei gani. Nitakujibu, ila si sasa, na jibu lenyewe hutalipenda.

Kwanza ujue gari hilo limetoka wapi. Injini yake, EJ207, kontroli boksi yake, yaani kompyuta ya injini, iliandikwa kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, inayofika oktani 100. Ya kwetu iko chini ya hapo. Wewe unalileta kwenye petroli hiyo, kwenye milima, na kwenye hewa nyepesi ya mita 1,700. Kwa hiyo pesa yako ya kwanza iende kwenye oili, kulanti, breki na tairi. Bampa na mataa vitakusubiri.

Usitoke Dar kabla hujamwaga oili zote. Ya injini, weka sinthetiki ya 5W-40 au 5W-30. Inaingia lita nne na kidogo, kwa hiyo nunua dumu la lita 5 na kinachobaki usafiri nacho. Giaboksi inachukua lita 4.1 za 75W-90 yenye alama GL-5, na hiyo hiyo ndiyo inayolainisha difu ya mbele na ya kati, maana zote ziko ndani ya nyumba moja. Difu ya nyuma ni lita 1 hivi ya oili ya aina hiyo. Fundi akikuletea ATF ya gari la otomatiki, mwambie asante na uondoke.

Sasa hapa simama na fundi, usiende kunywa chai. Chini ya tumbo la gari kuna nati mbili za kumwagia. Ya injini iko mbele, inafunguliwa na spana 17. Nyuma yake iko ya giaboksi, ina tundu la nyota, saizi T70. Asiyeizoea Subaru hufungua ya giaboksi akidhani ni ya injini, kisha anamimina lita nne mpya juu ya oili ya zamani. Unaondoka gereji na giaboksi kavu na injini iliyofurika, na mpaka Chalinze gia zinaanza kulia. Kujua ni rahisi: oili ya injini iliyotumika ni nyeusi na nyepesi, ya giaboksi ni nzito, inateremka polepole kama asali, na inanuka kiberiti. Ikinuka kiberiti na fundi kashika filta ya injini mkononi, piga kelele.

Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni na hapo unanunua injini. Fungua boneti utafute stika ya Kijapani yenye tarehe na kilomita, mafundi wa kule huibandika wanapobadilisha. Usipoiona, hesabu kwamba haujabadilishwa, hata kama kwenye dashibodi panasoma 70,000. Namba za dashibodi zinarudishwa nyuma na wewe unajua. Badilisha mkanda, tenshena, beringi zake na pampu ya maji kwa pamoja, kwa sababu kazi ya kuufikia ni ileile na pampu ikigoma baadaye inaharibu mkanda mpya. Mwambie fundi huyohuyo afungue bolti ya mrija unaopeleka oili kwenye tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini. Ndani yake huwa kuna kichujio kidogo cha wavu. Kikiziba, tabo linakauka na kufa huku oili kwenye dipstiki ikisoma imejaa, na kila mtu analaumu tabo.

Kulanti ndilo jambo ambalo watu wa pwani hawalielewi. Kwa mwinuko wa Mbeya maji ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na injini inafanya kazi karibu na 90. Kinachokuokoa ni presha ya mfuniko wa rejeta. Mfuniko uliochoka mpira, ambao Dar ungevumilika mwezi mzima, huku unakuchemshia gari kilimani. Nunua mpya, wenye namba ileile iliyoandikwa juu ya huo wa zamani. Kulanti changanya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, siyo ya bomba. Injini hizi zimelala, silinda zimetazamana, kwa hiyo hewa hujificha ndani wakati wa kujaza. Jaza taratibu, legeza kile kiskrubu cha kutolea hewa juu ya rejeta, acha injini iungurume mpaka feni iwake na kuzima mara mbili, zima, ipoe, ongeza tena. Ukiwa Mbeya utawasha hita kila asubuhi, na hiyo hita ndiyo mlinzi wako: ikipuliza moto ukikanyaga na ubaridi ukiwa kwenye foleni, kulanti imepungua au kuna hewa. Usingoje mshale upande.

Tairi. Angalia tarakimu nne za mwisho pembeni: 2317 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2017. Saizi ni 245/40R18 au 235/45R17 kutegemea rimu zilizokuja nalo. Zote nne lazima ziwe aina moja na zimelika sawa. Zungushia uzi kila tairi, upime uzi: tofauti ikizidi milimita 6, difu ya kati inafanya kazi muda wote hata barabara ikiwa imenyooka, inapata moto, inakufa. Kununua mbili leo na mbili mwezi ujao ni akiba ya kujidanganya. Upepo fuata stika ya mlango wa dereva. kPa 230 ni PSI 33, maana mashine nyingi za vijana wa pancha zinasoma PSI. Na likikwama njiani, gari hili linabebwa mgongoni, halivutwi huku magurudumu mawili yakiwa chini.

Breki za Brembo ni nzuri, ila haziwezi kitu kama mafuta yake ni ya miaka minane. DOT 4 mpya inachemka kuanzia nyuzi 230. Ikishanyonya unyevu inaweza kushuka mpaka 155. Ikichemka, pedali inazama hadi chini, na itakuchagulia siku unashuka mlima Kitonga nyuma ya semi. Badilisha yote, kisha kila miaka miwili. Na Kitonga shuka kwa gia ya pili au ya tatu, breki ipige kwa vipindi, usiilalie. Ukiweka pedi mpya, zizoeshe: tafuta kipande tambarare cha Usangu asubuhi na mapema, shuka kutoka 80 hadi 30 mara nane au kumi bila kusimama kabisa, halafu endesha dakika kumi bila kuzigusa zipoe. Vijijini ni 50, na askari wa tochi hawajali kwamba unazoesha pedi.

Haya, "pshiii" yako. Gari hili linapima hewa kwa sensa iliyo mwanzoni kabisa, jirani na filta. Hewa ikishapimwa, kontroli boksi inapanga petroli yake. Valvu ya kiwandani inairudisha hewa ya ziada ndani ya mfumo. Hiyo ya kelele inaimwaga nje. Petroli imeshapigiwa hesabu, hewa haipo. Kila ukibadilisha gia unapata moshi mweusi, misi (injini kurukaruka), na plagi zenye masizi. Iache. Masega, yale ya kusafisha moshi ndani ya ekzosi, nayo usiyatoe kwa sababu tu kuna mtu ananunua: njia ikiwa wazi ghafla, presha ya tabo inapanda kuliko ilivyopangwa, na kontroli boksi inakata petroli katikati ya kuovateki. Anayetaka kufungua ekzosi aandike upya programu kwanza, kwa fundi anayepima mchanganyiko wa hewa na petroli gari likitembea, siyo wa kubahatisha kwa laptopu.

Ukifika huku utaona geji ya presha haisomi kama ilivyokuwa Dar. Hewa ya nje yenyewe ni kama kPa 83 badala ya 101, na gari linajipunguzia ili tabo lisizunguke kupita kiasi. Atatokea mtu wa kukuambia tabo limechoka, akufungie kiskrubu cha kuongeza presha. Huyo mkwepe.

Kilimani usilikabe. Gia ya tano, mizunguko 1,800, mguu wote chini, nyuma ya lori: hapo petroli inalipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda. Hiyo ndiyo kunoki; sizungumzii ile ya mtaani, yaani injini iliyokwisha kufa, ingawa hii huzaa ile: kingo za pistoni zinakatika, kompresheni inaondoka. Rudi gia ya tatu, liache lizunguke 3,500, kisha ukanyage.

Asubuhi za Juni usivuke 3,000 mpaka zipite dakika kumi hivi. Mshale unaonyesha joto la maji, oili bado inakuja nyuma. Utasikia injini ikigonga kidogo ya baridi, tok-tok nyepesi inayopotea ikipata moto. Hiyo ni pistoni, haina neno. Ile inayobaki gari likiwa na moto, na inayokaza ukiongeza mizunguko, ni beringi za krenki. Zima hapohapo, usijaribu "kufika tu gereji".

Safari ni kilomita 800 na ushee. Injini za tabo za Subaru zinakula oili, na kati ya alama ya L na F ni kama lita moja, kwa hiyo kile kilichobaki kwenye dumu kina kazi. Simama Iringa pale Ipogolo baada ya kupanda Kitonga, subiri dakika kumi, pima. Simama tena Makambako. Ukifika Uyole punguza mwendo, kilomita za mwisho tembea kwa upole tabo lipoe lenyewe. Ukishaegesha, mfuniko wa rejeta usiuguse. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, tutaufungua pamoja tuone kulanti imeshuka kiasi gani.

Kaka yako, Mbeya